Makosa Kumi na Matatu

Mimi na Bi Sichana Shaame tulikaa meza moja miaka ishirini na sita, katika idara ambayo sitaitaja jina, maana bado inanilipa pensheni. Kazi yetu ilikuwa kupokea taarifa za mwani kutoka mashamba ya pwani ya mashariki, kuzijumlisha na kuzipeleka juu. Huko juu tarakimu zilizopanda zilipokewa kwa furaha. Zilizoshuka zilirudishwa.

Mwaka mmoja bahari ilipata joto, mwani ukaoza kwenye kamba, na wanawake wa Bwejuu wakarudi majumbani na magunia matupu. Bi Sichana aliandika hivyo hivyo. Mkuu wetu akamwita, akamwambia kwa upole kabisa, "Bi Sichana, hebu ziangalie tena tarakimu hizi, kwa jicho la matumaini." Akaziangalia, akazirudisha vilevile. Wiki ya pili akahamishiwa stoo kuhesabu viti. Tarakimu nikapewa mimi, Kazija, na mimi Mungu kanijaalia macho mazuri sana ya matumaini. Mwaka ule mwani ulioza wote na papo hapo ukaongezeka kwa asilimia tisa. Nikastaafu na cheti cha utumishi bora. Yeye alistaafu na barua ya shukrani iliyokosea jina la babake.

Akarudi kukaa kwake Michenzani, ghorofa ya tano, na binti yake Shahida, mwalimu wa michezo katika skuli moja ya mjini. Miezi minne ya mwanzo nilikuwa nikipanda ngazi zile kumtazama, namkuta kakaa dirishani. Kisha siku moja namkuta mezani, miwani puani, penseli sikioni, kajiinamia karatasi kubwa yenye vijisanduku kama mia mbili.

"Nini hiyo?" nikamuuliza.

"Besiboli," akasema, kama mtu anayesema mchele.

Mchezo huo ulikuja kisiwani na wageni wa Kijapani wa kujitolea, ukaingia maskulini. Kwa asiyeujua: mmoja anarusha kijimpira kigumu, mwengine anakingoja na gongo. Akikipiga, anakimbia kituo cha kwanza, na wenzake yule mrushaji wanahangaika kukidaka na kukirusha pale kituoni kabla hajafika. Akizunguka vituo vyote vinne, ni alama moja. Watoto waliupenda. Shida ilikuwa karatasi. Kila mpira unaorushwa huandikwa, aliyeugusa huandikwa kwa nambari yake, na mwisho wa mchezo kila kitu lazima kikubaliane na kila kitu. Walimu watatu walijaribu na wote watatu waligundua ghafla kwamba wana wagonjwa nyumbani. Shahida alikuja na kitabu cha maelekezo nyumbani, akakitupa juu ya meza, na mamake akakisoma kwa siku tisa.

"Tazama hapa, Kazija," aliniambia siku ile, akiniwekea kidole chini ya ukurasa. "Alama. Mapigo. Na hapa, makosa. Mkusanyo wa kila timu una safu ya makosa. Wanayaandika kwa jina la aliyeyafanya, halafu yanawekwa uwanjani kwenye ubao, watu wote wayaone."

"Na huyo aliyeyafanya anakubali?"

"Haulizwi."

Sijamwona Bi Sichana akimtazama hata mumewe, Mungu amrehemu, kwa jicho lile.

Ndivyo alivyopata kuwa mwandishi wa mchezo. Miaka mitatu, kila Jumamosi asubuhi, alikaa kwenye kiti cha plastiki kisicho na mgongo nyuma ya wavu, buibui lake na kofia ya ukili juu yake, akiandika. Wachezaji walimwogopa kuliko mwamuzi. Mwamuzi anapiga kelele na yanakwisha. Bi Sichana alikuwa hasemi neno, unasikia penseli tu.

Mwaka jana ikaja habari kubwa. Timu ya kulipwa kutoka Japani, si ya daraja la kwanza lakini watu wanaokula kwa mchezo huo, ilikuwa ikizunguka nchi kadhaa, na ingecheza mchezo mmoja na timu ya mchanganyiko ya Unguja. Mwenyekiti wa chama chetu cha besiboli, Bwana Abdulrazak, alitangaza habari hiyo kana kwamba yeye ndiye aliyewazaa. Bwana Abdulrazak hajawahi kushika gongo. Aliuchukua uenyekiti kwa sababu vyama vyengine vyote vilikuwa vishapata wenyeviti.

Uwanja ulitayarishwa Chukwani, kwenye kiwanja kilichopakana na nyumba inayojengwa. Asubuhi ya mchezo Bwana Abdulrazak alitoa hotuba ya dakika arubaini. Wageni walisimama juani wamevua kofia. Mkalimani wao, kijana wa mjini aitwaye Anwar aliyesoma huko kwao, aliifasiri yote kwa sentensi sita. Katika hotuba hiyo mwenyekiti alisema, nami nilimsikia kwa masikio yangu, kwamba uwanja ule umesawazishwa kwa kiwango cha kimataifa na hauna hata kokoto moja. Akarudia: hata moja. Tukapiga makofi.

Kabla ya kuanza, wakubwa wa pande mbili walitia saini kwamba mwandishi rasmi ni wa wenyeji, na kwamba hukumu yake juu ya pigo na kosa ni ya mwisho. Bwana Abdulrazak alitia saini bila kuisoma. Mimi nilikaa karibu na Bi Sichana, kazi yangu kuzishika karatasi zisipeperuke.

Mchezo sitausimulia wote, kwa heshima ya nchi. Unachezwa kwa zamu tisa. Kufika ya nne, wageni walikuwa na alama kumi na moja. Vijana wetu walikuwa wakiangusha mipira kana kwamba imetoka kwenye mafuta. Kila ulipoanguka, Bi Sichana aliandika kosa, na Shahida akaenda kubadilisha namba ubaoni. Mashabiki walianza kwa kuziba macho, wakaishia kuhesabu kwa pamoja, kama watoto wa chuo cha Kurani.

Upande wa pili, mrushaji wao alikuwa kijana mwembamba aitwaye Hirose, miaka ishirini, mwaka wake wa kwanza kulipwa. Hakuna wetu aliyeupata mpira wake. Wengine waliuona ukishafika. Zamu ya tano ikapita, ya sita, ya saba, na safu yetu ya mapigo ikabaki sifuri. Bi Sichana alininong'oneza kwamba mrushaji akimaliza zamu zote tisa bila kupigwa hata pigo moja safi, hilo ni jambo kubwa huko kwao. Kuna warushaji wanaofanya kazi miaka ishirini wasilipate.

"Wenzake wameshaacha kumsemesha," akasema. "Tazama. Wanaogopa kumharibia."

Kweli, kijana alikuwa kakaa peke yake mwisho wa benchi, taulo kichwani.

Zamu ya tisa. Kumi na saba kwa sifuri, wetu wawili washatolewa, akitolewa wa tatu mchezo umekwisha. Akaingia Suhaib, mtoto wa dada yake Bwana Abdulrazak. Si mchezaji mbaya, na miguu anayo. Mjomba wake alisimama kwenye viti vya mbele. Hirose akarusha, Suhaib akazungusha gongo, na ukasikika mlio. Mpira ukatambaa chini, polepole, ukimfuata mchezaji wao anayesimama kati ya kituo cha pili na cha tatu, mtu mzima, hodari kuliko wote. Ulimwendea moja kwa moja. Yeye akainua macho kumtazama Suhaib anavyokimbia, na mpira ukampiga kwenye glavu, ukaanguka. Alipouokota, Suhaib alikuwa kituoni.

Uwanja ukapasuka kwa shangwe. Watu walikumbatiana. Mzee mmoja alilia. Mtu wa nyuma yangu akasema haya ndiyo matunda ya uongozi bora.

Bi Sichana akaandika kosa.

Mpigaji aliyefuata akatolewa kwa mipira mitatu, mchezo ukaisha. Shahida akaenda ubaoni na kuweka tarakimu za mwisho. Unguja: alama sifuri, mapigo sifuri, makosa kumi na matatu. Wageni: alama kumi na saba, mapigo kumi na tisa, kosa moja. Shangwe zikapungua kidogo kidogo, kama maji yanayokatika mferejini. Na Bwana Abdulrazak akaonekana anakuja.

"Shikamoo, Bi Sichana," akasema. Siku nyengine huwa hamwamkii.

"Marahaba."

"Pale ubaoni pana sifuri kwenye mapigo. Nadhani binti kasahau."

"Hajasahau."

"Suhaib kapiga. Nchi nzima imeona."

"Kapiga, na mpira ulikuwa wa kudakwa. Kitabu kinasema, kama mchezaji angeweza kumtoa kwa juhudi za kawaida, basi hilo si pigo, ni kosa lake. Yule bwana anaidaka mipira kama ile usingizini."

Bwana Abdulrazak akavuta pumzi. "Bi Sichana, nakuuliza kama mama yangu. Hao wameshinda kumi na saba. Wanapungukiwa nini wakituachia pigo moja?"

Hapo ndipo nilipodhani mambo yatakuwa mepesi, maana meneja wa wageni alikuwa akija upande ule ule na Anwar mkalimani. Nikajua anakuja kumtetea mrushaji wake. Meneja akainama, akasema maneno mengi. Anwar akamsikiliza mpaka mwisho, akakuna kichwa.

"Anasema, kwa heshima zote, yeye anaona lile lilikuwa pigo."

Mwenyekiti akageuka akamtazama meneja kama mtu aliyeona ndugu yake aliyepotea.

Ikabainika kwamba yule mchezaji aliyeangusha mpira hakuwa amefanya kosa hata moja kwa michezo sitini na mbili. Magazeti ya kwao yalikuwa yakizihesabu. Alikuwa na mkataba, na jina, na picha kwenye chupa za chai zinazouzwa madukani kwao. Kijana Hirose hakuwa na picha kwenye chupa yoyote. Kwa hivyo meneja alifikiri mpira ule pengine uligonga jiwe ukabadilisha njia. Mpira ukigonga jiwe, si kosa la mtu. Ni pigo.

"Naam, jiwe," akasema Bwana Abdulrazak upesi. "Uwanja huu umejaa mawe. Nimelisema hilo kwenye vikao mara nyingi."

Anwar akafasiri. Nadhani alifasiri vizuri, maana meneja alikunja uso kidogo, labda anaikumbuka hotuba ya asubuhi.

Bi Sichana akainuka. Akavaa viatu vyake, akachukua penseli, akaingia uwanjani na buibui lake, mguu mmoja baada ya mwengine, mpaka pale mpira ulipoanguka. Watu wote wanamtazama. Akafuata alama ya mpira kwenye vumbi kurudi nyuma, kainama kama mama anayetafuta sindano. Hakuna jiwe. Aliporudi, Bwana Abdulrazak alikuwa anatokea upande wa pili, ule wa nyumba inayojengwa, na mkononi ana jiwe la ukubwa wa ngumi.

"Hili hapa," akasema. "Nimeliokota mwenyewe."

Bi Sichana akalipokea, akaligeuza. "Jiwe hili lina saruji, Mwenyekiti. Bado mbichi." Akamrudishia.

Nitasema ukweli wangu hapa. Nilimvuta mkono. Nikamwambia pole pole, "Sichana, waandikie. Wote wawili wanataka. Atakayedhurika nani?"

Akanyoosha kidole gumba kwenye benchi la wageni, bila kugeuka. Hirose alikuwa bado kakaa pale pale. Wenzake walikuwa washaanza kufunga mizigo, na yeye anatazama ubao, anamtazama meneja wake, anautazama ubao tena. Hakuna aliyekuja kumpongeza, kwa kuwa hakuna aliyejua kama kuna la kupongeza.

"Na hayo yetu kumi na matatu mbona hamjaja kuyazungumza?" akaniuliza. "Au yale yaligonga mawe pia?"

Akatia saini chini ya karatasi, akampa mwamuzi, mwamuzi akatia yake. Meneja akainama mara ya pili, kwa ufupi zaidi, akaondoka. Bwana Abdulrazak alibaki na jiwe lake mkononi. Hakujua pa kuliweka, maana wapiga picha walikuwa wanamngoja.

Baada ya muda Anwar alirudi na Hirose. Kijana alikuwa kavua kofia. Alisema sentensi moja.

"Anaomba kuipiga picha karatasi," akasema Anwar.

Bi Sichana akaifungua mezani, akakandamiza pembe mbili, mimi nikakandamiza mbili. Hirose akapiga picha. Akaitazama simu, akapiga ya pili. Bi Sichana akamwambia, kwa Kiswahili, na Anwar hakuhitajika, "Umerusha vizuri, mwanangu."

Sasa sikiliza kilichofuata. Jioni ile chama kikatoa taarifa kwenye ukurasa wake wa mtandaoni: Unguja yaandika historia, Suhaib awapiga wataalamu wa kulipwa. Alama hazikutajwa. Chini kulikuwa na jadweli ya matokeo, na humo tulikuwa na pigo moja na makosa mawili. Hayo mengine kumi na moja yalitazamwa kwa jicho ninalolijua.

Suhaib akawa mtu mkubwa. Kinyozi alikataa pesa yake. Skuli mbili zilimwita azungumze na wanafunzi juu ya kuthubutu. Siku ya tano akapanda ngazi za Michenzani, akatukuta tunachambua mchele.

"Shikamoo, bibi zangu."

"Marahaba. Kaa."

Hakukaa. "Bi Sichana, mie nilikuwa nakimbia. Sikuuona mpira. Kila mtu ananambia nimepiga, na kila mtu anaongeza kidogo. Jana kuna mtu kanambia ulipita juu ya kichwa cha yule Mjapani. Niambie wewe ulivyokuwa."

Bi Sichana akaweka ungo chini. Akamwambia vyote: mpira ulivyotambaa, ulivyomwendea yule bwana moja kwa moja, alivyoinua macho, ulivyoanguka. Hakupunguza na hakuongeza.

Kijana akakaa sasa. "Basi sijapiga."

"Hujapiga. Lakini yule aliinua macho kwa sababu yako. Ungekimbia kivivu, asingekutazama, angedaka. Hiyo haina safu kwenye karatasi, lakini mie nimeiona."

Suhaib akaomba chai. Alikunywa vikombe viwili.

Wiki ile ile aliitwa redioni. Mimi na Bi Sichana tulikaa kumsikiliza. Mtangazaji akamuuliza alijisikiaje kupiga pigo la historia, na Suhaib akajibu wazi kabisa, "Sikupiga. Mwenzangu aliangusha mpira. Nilifika kwa kosa lake."

Mtangazaji akacheka kwa furaha. "Wasikilizaji, mnausikia unyenyekevu? Hivi ndivyo mashujaa wanavyozungumza."

Suhaib akajaribu tena. Akapigiwa makofi studioni. Tangu hapo nimeelewa kwamba ukweli ukichelewa siku tano tu, hauhesabiwi kuwa ukweli tena, unahesabiwa kuwa tabia njema.

Bi Sichana alipata barua. Chama kilimshukuru na kumjulisha kwamba nafasi ya mwandishi sasa itashikwa na damu changa. Damu changa ilikuwa Nadra, mpwa mwengine wa mwenyekiti, binti mzuri, mwenye adabu, na asiyependa kumwudhi mtu yeyote. Alidumu Jumamosi tisa. Mchezaji akimwendea na kumwambia lile lilikuwa pigo, anaandika pigo. Mrushaji akija kulalamika, anafuta. Karatasi zilirudi nyeusi kama masizi.

Mambo yakafika ukingoni Bwejuu, kwenye fainali. Mchezo ulikwisha, na timu zote mbili zikaanza kushangilia. Nadra aliulizwa nani kashinda. Akatazama karatasi, akasema kwa sauti ndogo kwamba kwa hesabu yake Bwejuu wana saba, na mjini wana saba au tisa, inategemea. Kombe lilishikwa na watu kumi na wawili kwa pamoja, kila mmoja akivuta kwake, mpaka mkono mmoja wa kombe ukabaki na mtu wa Bwejuu na kombe lenyewe likaenda mjini. Nadra aliondoka uwanjani kwa pikipiki na hajarudi, na mie simlaumu. Mie mwenyewe niliwahi kuwa Nadra, tena bila pikipiki.

Bwana Abdulrazak alipanda ghorofa tano siku ya Jumatatu. Tulimsikia tangu ya tatu, anapumzika kila ngazi. Aliingia, akakaa bila kukaribishwa, akafuta jasho.

"Bi Sichana, vijana wanakuhitaji."

"Vijana wepi?"

"Wote. Bwejuu wamesema hawachezi tena mpaka uwepo. Na wa mjini wamesema hivyo hivyo." Akatazama sakafu. "Ni jambo la kwanza waliloafikiana mwaka huu."

"Na ile jadweli iliyoko mtandaoni?"

"Ile imeshasomwa na watu wengi, Bi Sichana. Kuitoa sasa kutaleta maswali."

Nilidhani atamfukuza. Bi Sichana akaendelea kukunja nguo alizokuwa akizikunja. Alimaliza shuka, akamaliza kanga mbili.

"Iacheni," akasema mwisho. "Yangu anayo mwamuzi, na yule kijana anayo ya kwake. Mchezo lini?"

"Jumamosi hii, Inshallah."

"Jumamosi hii nnakwenda Tumbatu, kuna harusi ya kwetu. Jumamosi ya pili nitakuja. Na kiti changu kiwe na mgongo, kile cha sasa kinaniumiza kiuno."

Bwana Abdulrazak akaandika neno kiti kwenye simu yake, akaaga, akaanza kuzishuka ngazi. Jumamosi ya pili kiti kilikuwepo, kipya, na mgongo wake. Jina la mwenyekiti lilikuwa limechapwa nyuma yake kwa rangi nyekundu, kuwa ndiye aliyekitoa.